Chini Kuna Watu: Mzizi, Chanzo na Kisa cha Kua

Naanza na aibu yangu mwenyewe, ili nitakapowasema wenzangu huko mbele msije mkaona nimewaonea.

Nilimpeleka mgeni Kua. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kutoka Uingereza, kijana mpole tu, kaja na daftari na kalamu tatu, na mie kazi yangu ilikuwa ukalimani. Tulitoka Utende kwa mashua maji yakiwa yamejaa, maana Kua hakuendewi saa uitakayo, bahari ndiyo inayotoa ruhusa. Tukavuka hadi kisiwa cha Juani, tukapenya mikokoni, tukashuka. Kwa msiofika: Kua ni mji mzima wa mawe ya matumbawe na chokaa uliolala porini. Kuna jumba la ghorofa ambalo watu huliita kasri, kuna misikiti, kuna makaburi, na kuna kuta nyingi ambazo hakuna tena ajuaye zilikuwa za nani. Mibuyu imesimama mitaani kama wenyeji. Juu ya kuta kumeota miti, na mizizi yake imeshuka jiwe kwa jiwe mpaka ardhini, mingine minene kama paja la mtu. Ikumbukeni mizizi hiyo, nitairudia.

Tulifuatana na mzee mmoja wa Juani. Nilimwamkia, shikamoo babu, akaniitikia marahaba mwanangu, akaniuliza mimi ni wa nani, nikamwambia, akakuta anamjua babu yangu mzaa mama. Basi tukawa ndugu. Akatutembeza. Akatueleza jinsi Wasakalava walivyokuja na mitumbwi yao kutoka Bukini, ndiyo Madagaska ya leo, katika miaka ya 1820, wakaua, wakateka, wakaondoka na watu, na waliosalia wakahamia Chole, pale ng'ambo. Mgeni aliandika, kisha akainua uso akauliza swali ambalo kwa Kiingereza ni la kawaida kabisa: "But what was at the bottom of it all?"

Mie, kwa haraka zangu, na kwa kujiona najua, nikafasiri: "Babu, mgeni anauliza, chini yake kuna nini?"

Mzee hakusita hata kidogo. Alinyoosha fimbo yake kwenye sakafu ya lile jumba, akasema: "Chini kuna watu."

Nikacheka. Nikadhani mzee hakunielewa, na kwa kweli mwenye kosa nilikuwa mimi. Nikajisahihisha: "Aa, babu, ana maana chanzo. Mzizi wa mambo yote haya." Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa kanzu nyuma mbele. "Ndo namwambia hicho hicho. Kama anataka kisa, mwambie akae. Kisa hakisemwi wima."

Tukakaa. Nitawaeleza alichotuambia, lakini kwanza niruhusuni niyageuze kidogo haya maneno, maana ndiyo niliyokuja kuyahakiki: *chini*, *chanzo*, *mzizi*, *kisa*. Sisi vijana tunaoandika Kiswahili huku tumesomeshwa kwa Kiingereza tunayachanganya kila siku, na hadithi zinazoletwa kwenye meza zetu zimejaa mchanganyiko huo. Nimesoma moja ambamo bibi kizee, yuko jikoni anapepeta mchele, anamwambia mjukuu wake: "Mjukuu wangu, hatuna budi kufika kwenye mzizi wa tatizo hili." Hebu niambieni, bibi yupi huyo? Bibi yangu akitaka kujua kwa nini nimerudi na shati limechanika, husema neno moja: "Kulikoni?"

Kiingereza kina namna zake za kuuliza chanzo cha jambo, na si vibaya kuzijua. Ubaya ni kuzibeba mzegamzega. Wanaposema "root cause", aliyetunga usemi huo ni mkulima. Ameng'oa gugu, likaota tena, akang'oa, likaota tena, mpaka akagundua kwamba alichokuwa anakata ni majani tu. Kwa hiyo mzizi wao ni kile ambacho, usipokitoa, balaa litarudi. Ukisikia daktari wao au fundi wao anautumia usemi huu, anakuonya juu ya kujirudia: ameshatibu dalili, sasa anataka kuzuia ugonjwa usirudi. "Stem from" ni shamba hilo hilo, ila sasa mtu anatazama kutoka chini kwenda juu: jambo hili ni tawi, shina lake ni lile. "At the bottom of" hautoki shamba. Huo ni usemi wa chombo au wa kisima, wa kitu kizito kilichozama na kukaa kitakoni wakati maji ya juu yanaonekana safi, na mara nyingi ndani yake mna tuhuma: kuna mtu amekificha huko. Ndiyo maana polisi wa kwenye riwaya zao kila siku wako njiani kufika chini. "At the heart of" hauna tuhuma yoyote, ni sisi tusemapo kiini, kama kiini cha yai. Na "boil down to" ni wa jikoni: chungu kimechemka, maji yamekauka, tazama kilichobaki. Huyu wa mwisho si wa chanzo hata kidogo. Ni wa muhtasari, lakini nimeshauona umefasiriwa kuwa "inachemkia kwenye", nikafunga kitabu nikatoka nje kupunga upepo.

Sasa njooni kwetu. Mzizi tunao, tena una kazi mbili kubwa, na zote si ile ya mkulima wa Kiingereza. Kazi ya kwanza ni ya mganga. Mtu akisema fulani kapewa mizizi, hakuna anayedhani kapewa maelezo. Kapewa dawa. Kazi ya pili ni ya baraza: kukata mzizi wa fitina. Tazameni vizuri usemi huu, maana ndio unaotumiwa vibaya kuliko yote. Wazee wanapokata mzizi wa fitina hawajagundua kitu kilichofichika. Aghalabu kila mtu pale barazani anajua mwanzo mpaka mwisho. Wanachofanya ni kuumaliza ugomvi kwa uamuzi: wewe utampa mwenzio mbuzi, na wewe utafunga mdomo, na asubuhi mtaamkiana. Mzizi umekatwa. Pengine haukuchimbuliwa kabisa, na haikuwa lazima. Kwa hiyo kijana anapoandika kwamba mpelelezi "aliukata mzizi wa fitina" akiwa na maana kwamba alimgundua mwizi, amempa mpelelezi kazi ya sheha.

Shina nalo lina historia yake. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili cha Muungano, walipofika kwenye waraka wa kwanza kwa Timotheo, pale ambapo Kiingereza cha mwaka 1611 kinasema kupenda fedha ni mzizi wa maovu yote, walichagua neno shina, tena wakaliita shina moja. Hawakukosea. Mtu wa huku akitaka kuonyesha kitu kimoja kinachozaa vingi hutazama shina, kwa sababu linaonekana, na matawi yanaonekana yakitoka kwake. Ndipo siasa nayo ikalichukua: chama kikataka kushuka hadi kwa watu wa chini kabisa, kikasema tunakwenda kwenye mashina, mahali ambapo Waingereza wangesema mizizi ya majani. Hilo lilifasiriwa vizuri, na aliyelifasiri simjui, ningempa mkono.

Chanzo nalinusa kila ninapoingia nyumbani. Mama yangu husuka. Anapoanza ukili, ile miyaa ya kwanza anayoifunga, pale mkono unapoanzia kazi, ndiyo chanzo. Hakikufichwa na mtu. Ni pembe tu ya kazi. Lakini ukili ukishakuwa mrefu, ukazungushwa, ukashonwa mkeka, mtafute mtu akuonyeshe chanzo kiko wapi. Kimo, na kila mtu anakalia juu yake, ila hakuna anayekiona. Nadhani hii ni picha nzuri zaidi ya mwanzo wa mambo kuliko mzizi, na imekaa ndani ya neno letu bila sisi kuitazama. Badala yake magazeti yamelifanya chanzo neno la kituo cha polisi. Chanzo cha ajali ni mwendo kasi. Chanzo cha moto hakijajulikana, uchunguzi unaendelea. Na kweli unaendelea, mpaka leo.

Na wale watakaosema tumewaachia Waingereza mizizi yote, wasiwe na wasiwasi. Asili, neno letu la kila siku, limetoka kwenye Kiarabu, na huko maana yake ya kwanza ni mzizi. Sababu nayo imetoka huko huko, na Waarabu wa kale walimaanisha kamba: hata ndani ya Kurani, katika Sura ya Al-Hajj, neno hilo limekuja kwa maana ya kamba inayonyooshwa juu. Nilipolijua hili nilifurahi siku nzima. Kwamba ninapomuuliza mtu sababu, namuomba kamba, kitu chenye ncha mbili, ncha moja mkononi mwangu na nyingine mahali nisipopaona, na inabidi nivute taratibu isikatike!

Lakini neno lililonishika ni lile la mzee. Kisa.

Kisa ni hadithi. Kila mtoto anajua. Lakini kisa ni sababu vilevile, na kamusi zetu zinakiri hivyo. Watu wamepigana mtaani, unauliza: kisa? Mke karudi kwao, kisa nini? Hakuna anayedhani unaomba hadithi ya kulalia, na hakuna anayekujibu kwa neno moja. Atakujibu: wewe wee, kaa nikupe. Na lile neno la bibi yangu, kulikoni, lifungueni muone ndani: kulikuwa na nini. Linauliza sababu kwa kuuliza tukio. Sikuliona hili darasani, maana darasani nilifundishwa kwamba hadithi ni upande mmoja na sababu ni upande mwingine, na kwamba mtu aliyesoma huivua sababu kutoka ndani ya hadithi kama anayepara samaki magamba, kisha magamba huyatupa.

Basi sikieni kisa, kama nilivyokipokea. Najua kuna wanaokisimulia kwa namna nyingine. Habari za Mafia zilikwisha kukusanywa na Kadhi Amur Omar Saadi, zikachapwa kwa Kiingereza katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1941. Mimi nakipa cha mzee, kwa mpangilio wake.

Kisimani ulikuwa mji mwingine, upande wa magharibi wa Mafia, kwenye rasi. Leo bahari imeula sehemu kubwa. Watu wa Kisimani na watu wa Kua walikuwa wakijuana, wakitembeleana, wakioneana kijicho kama miji yote iliyo jirani. Kisimani wakaunda jahazi kubwa. Siku ya kulishua ikafika. Chombo hushuliwa juu ya magogo, kila mtu wa pwani anajua. Wao wakasema magogo ya nini. Wakawachukua watoto wa Kua, wakawalaza mchangani, wakalishua jahazi juu yao.

Hapo mzee alinyamaza. Mgeni akaniuliza kwa nini walifanya vile, nami nikafasiri, safari hii vizuri: kisa nini, babu? Mzee akasema: "Waliona ni watoto wa watu." Watoto wa watu! Ni usemi tunaoutumia kila siku kuombea huruma, msimpige, ni mtoto wa watu. Yeye aliugeuza upande wa pili: walikuwa wa watu wengine, hawakuwa wao. Sijasoma mahali popote maelezo mafupi kuliko hayo ya jinsi mtu anavyoweza kumtumia mwenzake kama gogo.

Kua hawakujibu. Walikaa miaka. Walicheka na Kisimani sokoni. Wakajenga nyumba, na chini ya nyumba wakajenga chumba kisicho na dirisha. Kisha wakatangaza harusi, wakawaalika wakubwa wa Kisimani, na Kisimani wakaja wamevaa. Wakaingizwa chini, kumepambwa, kuna chakula, kuna ngoma. Na wenyeji wakaanza kutoka mmoja mmoja. Huyu anakwenda kutazama chungu. Huyu anakwenda kuleta maji. Huyu ameitwa na mkewe. Akabaki mzee mmoja wa Kua, ameketi katikati ya wageni, anawazungumzisha, anawapa hadithi ili wasione wenzake wanavyopungua. Naye alikuwa anajua. Alijua kwamba nje mawe yako tayari na chokaa imekwisha korogwa. Aliendelea kuzungumza mpaka mlango ukazibwa.

Ndipo, akasema mzee wetu, Wasakalava wakaja.

Ndipo! Nimelifikiria neno hilo kuliko maneno mengine yote ya siku ile. Hakusema "kwa sababu hiyo". Hakusema Mungu aliwalipa, ingawa angeweza kusema na mimi ningeitikia. Alisema ndipo, ambalo ni neno la mahali na la wakati, na kwa mbali ni neno la sababu. Analiacha tukio lisimame karibu na tukio, na anakuachia wewe msikilizaji kuona kama kuna kamba baina yao. Nikiwa mhakiki nasema huu ni usanii wa hali ya juu, na ulikuwa umekaa pale juu ya jiwe ukitafuna tambuu.

Tazameni pia kisa hiki kinavyokataa kuwa na mzizi mmoja. Ukiuliza kisa cha Kua kufa, unapewa Wasakalava. Ukiuliza kabla ya hapo, unapewa chumba. Ukiuliza kisa cha chumba, unapewa jahazi. Ukiuliza kisa cha jahazi, unapewa watoto wa watu, na hapo panaisha, si kwa kuwa umefika chini. Msimuliaji ndiye anayekutazama. Na tena kila ngazi ina mkosaji, na mkosaji wa ngazi ya kati ni sisi wenyewe, watu wa upande huu. Historia ya shule haikutudai hilo. Iliniambia mji uliangushwa na wavamizi kutoka nje, nikapata vema, nikarudi nyumbani msafi.

Lakini nisimpambe mzee kupita kiasi. Uhakiki si maulidi. Kisa kina upofu wake. Kinapenda sababu zenye uso na jina la mji, yaani chuki, kiburi, kisasi, na hakijui kusimulia kitu kisicho na uso. Wasakalava ndani ya kisa wanatokea baharini kama tufani. Kumbe walikuwa na sababu zao, tena za biashara. Tangu karne ya kumi na nane Wafaransa wa visiwa vya mashamba ya miwa walitaka watumwa: mwaka 1776 Mfaransa Morice alikubaliana na sultani wa Kilwa, hapo jirani zetu, apatiwe watumwa elfu moja kila mwaka. Kuanzia miaka ya 1780 mitumbwi kutoka Madagaska ikawa inavamia Komoro, kisha pwani ya bara, ikiteka watu. Kua ilikuwa ndani ya njia hiyo. Na mji wenyewe, yale mawe nani aliyachimba, ile chokaa nani aliichoma? Ndani ya kisa hakuna mtumwa hata mmoja. Kuna watoto chini ya jahazi, lakini wanaolivuta jahazi, wale wenye kamba mabegani, hawatajwi. Hapa swali la mkulima wa Kiingereza lina kazi. Lile gugu lilirudi mara nyingi, Ibo, Kilwa, Mafia, na anayeuliza kwa nini linarudi haulizi upuuzi.

Kwa hiyo sisemi tuukatae usemi wao. Nasema tujue unauliza nini kabla ya kuujibu kwa Kiswahili. Mgeni alipouliza cha chini, alikuwa anashuku kuna kitu kimefichwa, na jibu la mzee, chini kuna watu, lilikuwa sahihi kuliko tafsiri yangu: vilivyofichwa vilikuwa vimefichwa kwa mawe na chokaa. Ningefasiri "kisa nini" tangu mwanzo, nisingecheka.

Ugonjwa huu unatufuata hata kwenye uhakiki wa riwaya. Mtihani unauliza chanzo cha kuharibikiwa kwa Rosa katika *Rosa Mistika* ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, na darasa zima linaandika: Zakaria. Baba mlevi, baba mkali, basi, mzizi umepatikana, tugeuze karatasi. Lakini kitabu kizima si kipo? Kama chanzo kingekuwa Zakaria peke yake, mwandishi angemaliza kwenye sura za mwanzo akalala. Alichotuandikia ni kisa, pamoja na shule, na wanaume, na Rosa mwenyewe anapochagua. Anayejibu kwa jina moja amepara magamba akatupa samaki.

Niliahidi kuirudia mizizi ya Kua. Mgeni aliipenda sana, aliipiga picha nyingi, na akasema, kwa utani wa kijana aliyesoma, hapa sasa tumeuona mzizi wa anguko lenyewe. Kweli, inapasua kuta. Kila mvua inasogea kidogo, na kuna kuta ambazo zitakwenda chini kwa sababu yake. Lakini mizizi hiyo ilikuja mwisho wa yote. Watu walipokuwamo mitaani, mche ukiota ukutani mtu aliung'oa asubuhi akienda msikitini. Mizizi iliingia baada ya nyumba kukosa mtu wa kufagia. Nikataka kumwambia hivyo nikaona nitamchosha.

Na sasa ile aibu. Mzee alipomaliza, mgeni alinigeukia apewe kisa kwa Kiingereza. Jua lilikuwa limeanza kushuka na maji yanatoka, nahodha anapiga mluzi mikokoni. Lakini haraka haikuwa sababu, nisidanganye. Niliona haya. Niliona hadithi ile ya watoto na jahazi itatufanya tuonekane washenzi, na hadithi ya chumba itatufanya tuonekane makatili, na mie nilitaka tuonekane watu walioonewa tu. Nikasema sentensi tatu. Nikasema kulikuwa na uhasama wa zamani kati ya miji miwili, kuna ngano juu yake, lakini "the root cause was the slave trade". Mgeni akaandika, akapiga mstari chini ya maneno yale manne ya mwisho. Hakukuwa na uongo ndani yake. Mtu yeyote akikisoma kitabu chake, kama kilitoka, hatakuta kosa.

Mzee akaniuliza, umemwambia yote? Nikasema nimemwambia, babu.

Tulirudi tukipita chini ya zile kuta, mgeni ametangulia. Mzee akanishika mkono, si kwa udhaifu, kwa kunisogeza karibu, akataka kujua jambo moja, kama msanii anavyotaka kujua. Akauliza: "Pale ulipofika, mzee kabaki peke yake na wageni, anawazungumzisha. Huyu mgeni alifanyaje?"

Nikamwambia alinyamaza.

"Ehe," akasema, akaridhika. "Hapo wote hunyamaza."